Je, Hadithi ya Kubuni ni Uongo?

Jumapili moja baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa, jirani yetu, alitushika mkono akatuvuta kando chini ya mwembe. Alikuwa amesikia kwa mjukuu wake ya kwamba shuleni twasoma kitabu chenye habari za viumbe walioshuka kutoka nyota nyingine, wakawaua Waingereza kwa moto. Akatuuliza, "Mwalimu, jambo hili lilitokea?" Tukajibu, "La, mzee wangu, halikutokea." "Litatokea?" "Hatudhani." Akatutazama sana, kisha akasema, "Basi Jumapili wasimama mbele yetu kutusomea Neno la kweli, na Jumatatu wawasomea watoto wetu uongo. Nieleze, maana mimi sikusoma sana."

Hatukuweza kumjibu siku ile. Tulisema neno moja mawili, tukaagana naye, walakini swali lake likatufuata mpaka nyumbani. Ndilo tutakalo kulitafakari hapa pamoja nanyi wasomaji, maana twajua wako wengi waulizao kama yeye, na wengine ni wazazi ambao watoto wao huja nyumbani na vitabu vya namna hii, viitwavyo hadithi za kisayansi.

Yatupasa kukiri kwanza kwamba kabla ya mzee huyo kuuliza, sisi wenyewe tulikuwa upande wake. Kitabu hatukukichagua. Kilikuwa katika orodha ya vitabu vilivyopangwa visomwe na darasa letu mwaka ule, na tulipokipokea tuliona haya. Walimu waliotulea walitufundisha kwamba mtu husoma ili ajue: ajue mambo ya kale, ajue nchi na bahari, ajue maisha ya watu wema, ajue namna ya kulima na kutunza afya. Kusoma habari za mambo yasiyokuwako kulikuwa machoni petu kama kupika sufuria tupu. Hata siku ya kwanza tukawaambia wanafunzi, "Kitabu hiki ni upuuzi, lakini tumeagizwa kukisoma, basi tukisome upesi tukimalize." Wakacheka, nasi tukafurahi kwa kuwa wamecheka.

Kitabu chenyewe kiliandikwa na Bwana H. G. Wells, nacho chaitwa kwa Kiingereza The War of the Worlds, yaani vita baina ya dunia mbili. Kilitokea kwanza kidogo kidogo katika gazeti mwaka 1897, kisha kikapigwa chapa kuwa kitabu mwaka 1898. Bwana Wells alizaliwa mwaka 1866, mtoto wa mwenye duka dogo lisilokuwa na faida. Mama yake alitumika katika nyumba ya matajiri. Alipokuwa kijana aliwekwa katika duka la nguo ajifunze kazi hiyo, akaichukia mno. Baadaye alipata nafasi ya kusoma elimu ya viumbe hai mjini London, na kwa muda alikuwa mwalimu wa shule kama sisi. Jambo hili la mwisho lilitulainisha moyo kidogo.

Tulikifungua usiku kwa nia ya kutayarisha kurasa kumi za kesho yake. Taa ilikuwa na mafuta nusu. Twakumbuka kwamba jogoo wa kwanza aliwika nasi bado tumekaa.

Yule asimuliaye hakutajwa jina. Akaa Woking, mji mdogo usio mbali na London, naye ni mtu wa kuandika makala kama hii. Alikuwa akiandika juu ya jinsi fikira za wanadamu juu ya mema na mabaya zitakavyoendelea kadiri ustaarabu unavyokua. Ndipo kitu kikaanguka kutoka mbinguni katika uwanja wa mchanga karibu na kwake, mfano wa pipa kubwa la chuma lenye moto. Watu wakaenda kukitazama kama watu wetu waendavyo kutazama lori lililopinduka. Muuza peremende mmoja akamtuma mwanawe na mkokoteni wa matofaa mabichi na vinywaji, kwa kuwa penye watu wengi pana biashara. Jioni ya siku ile ile wakubwa wachache wakakaribia wakipeperusha bendera nyeupe, ili wale wageni wajue kwamba wao nao ni viumbe wenye akili. Ukatoka mwali usioonekana, wakateketea wote pale waliposimama.

Tutapita upesi katika yaliyofuata: mashine zenye miguu mitatu zilizo ndefu kuliko nyumba, moshi mweusi uuao kila uvutao, majeshi yaliyoshindwa siku baada ya siku, hata watu milioni sita wa London wakautoka mji wao kwa mguu na kwa magari ya farasi. Mtu mmoja mkoba wake ulipasuka njiani, sarafu za dhahabu zikamwagika. Akainama kuziokota katikati ya magurudumu, na gurudumu likampita mgongoni. Hata hapo hakuziachia.

Sasa na tuseme ukweli. Tulipofika hapo tulikuwa tukifurahi, tena sana, na furaha hiyo haikuwa ya kusifu ufundi wa mwandishi. Tulifurahi kwa sababu wale waliokuwa wakikimbia ni Waingereza. Sisi tumekua tukisikia habari za vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907, jinsi babu zetu wenye mikuki walivyoziendea bunduki za Wadachi zinazomimina risasi kama mvua. Tumesoma pia ya kwamba mwezi Septemba mwaka ule ule wa 1898 kitabu hiki kilipotoka, huko Omdurman katika Sudani, jeshi la Waingereza na Wamisri liliwaua watu zaidi ya 10,000 kwa asubuhi moja, na lenyewe likapoteza watu wasiotimia 50. Na hapa, katika karatasi, mambo yamegeuzwa: wenye bunduki ndio wasioweza kitu, na mizinga yao ni fimbo za watoto. Tulisoma kama mtu alaye muwa.

Lakini mwandishi alikuwa ametutangulia. Tulirudi nyuma kwenye sura ya kwanza, tukaona kwamba tulikuwa tumepita haraka penye jambo kubwa. Pale, kabla vita havijaanza, Bwana Wells awaonya watu wake wasiwahukumu wageni hao kwa ukali mno mpaka wamekumbuka waliyoyatenda wao wenyewe, si kwa wanyama tu, bali kwa watu wa Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia ambacho Waingereza walianza kukikalia mwaka 1803. Yasemekana hata wazo la kitabu lilizaliwa njiani, yeye na ndugu yake Frank wakitembea na kuongea habari za kisiwa hicho. Na kitabu alimtunuku ndugu yake huyo. Bwana Wells, kama wengi wa wakati wake, alidhani watu wale wamekwisha wote. Hawakwisha, wazao wao wako hata leo. Lakini alilokusudia ni wazi. Hakukiandika ili mtu wa Afrika afurahi. Alikiandika ili Mwingereza akae kitini pake, chai ikiwa mezani, aone kwa mara ya kwanza jinsi inavyokuwa mtu mwingine akija nchini mwako na silaha usiyoielewa, asikuone kuwa mtu.

Hayo yangetosha kututia haya, maana furaha yetu ilikuwa ya kisasi. Lakini likaja jambo lililotushika zaidi.

Katikati ya mashaka yule msimuliaji akutana na kasisi msaidizi wa kanisa moja, mtu aliyevunjika moyo. Wafungiwa pamoja siku nyingi katika nyumba iliyoangukiwa, na viumbe wa Mirihi wafanya kazi yao nje, karibu kabisa na ukuta. Chakula ni kidogo. Kasisi alia, ala bila kiasi, na mwisho aanza kupaza sauti na kuhubiri hukumu ya Mungu, hata ni hakika watasikiwa. (Wako watakaochukizwa kwamba mtumishi wa kanisa ameonyeshwa hivi. Sisi nasi tulichukizwa. Bwana Wells hakuwa rafiki wa kanisa, wala haifai kulificha hilo.) Msimuliaji anyakua shoka la kukatia nyama ukutani, amfuata. Kwa huruma iliyosalia aligeuza shoka, ampiga kwa upande usio na makali. Kasisi aanguka kifudifudi. Baadaye mkono wa chuma waingia kwa tundu la ukuta, wamkokota nje.

Wasomaji, sisi tulitaka ampige. Tulikuwa tukisema moyoni, "Mnyamazishe, mnyamazishe, watasikia." Tulipoona amepigwa tulipumua, na baada ya kupumua tukakifunga kitabu tukakaa tukiutazama ukuta. Sisi twawafundisha watoto amri ya kutoua. Tumeifundisha miaka mingi, tumeieleza kwa mifano, tumewapa mitihani juu yake. Hatukujua hata usiku ule ni kwa urahisi gani moyo wetu ungeikubali damu ya mwenzetu akitupigia kelele penye hatari. Hapana historia yoyote iliyotuambia hivyo. Tulipokuwa tukisoma habari za wauaji wa kweli tulisimama daima nje yao, kama mtu asimamaye mlangoni pa gereza akichungulia. Hadithi hii ilitutia ndani, ikafunga mlango.

Basi turudi kwa mzee wetu na neno lake, uongo. Mwongo ni nani? Twadhani ni yule atakaye umwamini katika lisilo kweli, naye akuficha kwamba si kweli. Bila kuficha, hapana uongo. Wazee wetu walilijua hili kabla ya shule kuja. Bibi akikaa na wajukuu jioni hawaanzi hivi hivi. Asema, "Paukwa!" nao waitika, "Pakawa!" Au aita, "Hadithi, hadithi!" nao wajibu, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Tazameni, watoto wenyewe wauita uongo kwa jina lake uje! Hapana mtoto aliyelala akidhani kwamba sungura alimwambia fisi maneno yale. Mwitikio ule ni kama mlango wenye alama juu yake. Upitao hapo wajua umeingia nyumba gani.

Na kwamba alama hiyo ina kazi, hadithi hii hii ya Bwana Wells yashuhudia. Tarehe 30 Oktoba mwaka 1938, Orson Welles na wenzake waliicheza katika redio mjini New York, kwa namna ya taarifa za habari. Mwanzoni ilitangazwa kuwa ni mchezo, lakini wengine walifungua redio zao baadaye, wakashikwa na hofu. Magazeti ya kesho yake yakaikuza hofu hiyo kuliko ilivyokuwa. Mwezi Februari mwaka 1949 ikachezwa tena katika redio huko Quito, mji mkuu wa Ecuador. Mara hii watu hawakuonywa. Walipojua kwamba wamechezewa, hofu yao iligeuka ghadhabu; wakaliendea jengo la redio wakalitia moto, na watu kadhaa wakafa. Maneno yalikuwa ya hadithi ile ile. Nyumbani kwetu, mezani penye taa, ilikuwa hadithi. Quito ilikuwa uongo, maana alama ya mlango iliondolewa.

Mzee akituuliza habari za Maandiko, twaweza kumkumbusha nabii Nathani. Alipotumwa kwa mfalme Daudi hakuanza na jina la Uria wala la Bathsheba. Alianza na tajiri mwenye makundi ya kondoo na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja. Daudi alimkasirikia tajiri yule, akamhukumu, na hapo ndipo alipoambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Mtu aweza kusema kwamba Nathani hakutoa alama mlangoni, na ni kweli. Lakini hakumwacha mfalme gizani, mara alimfungulia dirisha. Mfalme alikuwa akiyajua mambo ya Uria yote, hapana aliyeyajua kuliko yeye, na kujua kwake hakukumsaidia kitu mpaka aliposikia habari za mwana-kondoo asiyekuwako.

Hatusemi kwa hiyo kwamba kila kitabu kitamu ni chema. Utamu wenyewe si shahidi mwaminifu. Ule wa kwetu ulianza katika chuki, kama tulivyokiri. Iko michezo na hadithi ambazo kazi yake ni kuukuza utamu wa namna hiyo na kuuacha hapo.

Turudi darasani. Wageni wale hawakushindwa na mizinga. Waliuawa na vijidudu, vile vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo miili yetu imepigana navyo tangu vizazi vya kale, lakini kwao havikuwako. Wanafunzi walilipenda jambo hilo sana. Tuliwaeleza kwamba siku hizi sisi ndio tupelekao mapipa huko: mwaka 1976 vyombo viwili vya Wamarekani vilitua katika Mirihi, na mwaka 2021 gari jingine likatua, na hapana lililokuta mji wala mtu, ila mawe na mchanga. Na vile vya mwaka 1976 viliokwa kwanza katika tanuri, ili visichukue vijidudu vya dunia hii kwenda huko. Mvulana mmoja akasema kwamba wale wa kitabuni wangalikuwa na tanuri, London ingalikwisha.

Ndipo binti mmoja aketiye nyuma, asiyesema mara nyingi, akasimama. "Mwalimu," akasema, "kama vijidudu visingaliwaua, je, wangalikuwa wamekosa?" Tukajibu kwamba ubaya ni ubaya hata mtu akishinda. Tukaongeza, kwa kuwa tulitaka kuonyesha elimu, kwamba katika Amerika, baada ya mwaka 1492, mambo yalikwenda kinyume cha kitabu: ugonjwa wa ndui uliwaua wenyeji, si wageni. Binti akafikiri kidogo. "Basi kitabu kingaliandikwa na nani?" akauliza. Hatukuwa na jibu, wala mpaka leo hatuna, nasi tumeliandika swali lake ndani ya jalada la kitabu chetu.

Siku hiyo hiyo tulifanya jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko tulivyodhani. Tuliwaambia wanafunzi kwamba siku ya kwanza tuliwaita wacheke kitabu ambacho tulikuwa hatujakisoma, na kwamba kusema juu ya kitu usichokijua kana kwamba wakijua ni kuficha, na kuficha huko ndiko tulikokwisha kukuita uongo. Hawakucheka. Mmoja alitazama chini, tukadhani ameaibika kwa ajili yetu. Kengele ikalia, wakatoka.

Mzee alikuja kwetu Jumatano jioni. Tulikuwa tumejiandaa kumweleza habari za mwongo na alama ya mlango, lakini alipoketi tuliona ni afadhali kumsimulia hadithi yenyewe. Alisikiliza, mikono juu ya fimbo yake. Alicheka penye mkokoteni wa matofaa. Penye shoka la nyama alitoa mikono juu ya fimbo, akaiweka magotini.

"Alikwenda kuungama kwa nani?" akauliza.

Tukamwambia kwamba usiku mmoja, akiwa peke yake, mtu yule alikumbuka yote tangu mwanzo hata pigo lile, akasali. Na kwamba katika kitabu aliliandika jambo hilo lilivyokuwa, ingawa hapana shahidi aliyeliona, akawaachia wasomaji wamhukumu.

"Na mtu huyo hakuwako?"

"Hakuwako, mzee wangu."

"Wala kasisi?"

"Wala kasisi."

Akakaa kimya kitambo. Nje watoto walikuwa wakifungia mbuzi. "Na alipofika nyumbani kwake," akasema, "aliikuta nyumba?" Tukamwambia kwamba nyumba aliikuta, na juu ya meza aliikuta ile karatasi aliyokuwa akiiandika siku ya kwanza, juu ya mema na mabaya na maendeleo ya wanadamu, alikuwa ameanza kutabiri yatakayokuwa baada ya miaka mia mbili, na sentensi ilikuwa imekatika katikati. Mzee akaomba aoneshwe ukurasa huo. Hakujua Kiingereza, lakini aliushika karibu na taa, akaweka kidole mahali tulipomwonyesha, pale maneno yalipokoma.